Picha Inamshuhudia Nani?

Ziwa Singidani liko kando kabisa ya mji wa Singida, na ni nadra kumpata mpigapicha wa mji huo ambaye hajalielekezea kamera. Mmoja hulitoa lilivyo saa saba mchana: maji ya kijivu, ukingo mweupe wa chumvi, majabali yaliyopauka kwa jua. Mwingine huipitisha picha kwenye Lightroom, programu ya kompyuta ya kuhariri picha, anga ikawa zambarau na heroe wakawa wekundu kuliko walivyoumbwa. Wa kwanza humwita mwenzake mwongo. Wa pili hujibu kwamba huyo hana sanaa, anabonyeza kitufe tu. Kisha hutokea msuluhishi, akasema kila mtu na jicho lake, mazungumzo yakafa. Kwa maoni yangu msuluhishi huyo anakosea kuliko wote wawili. Kumwelewa msanii si kumwacha na jicho lake. Ni kumuuliza jicho hilo linashuhudia nini, na ushahidi wake unamwangukia nani.

Lile neno zito la uongo linasimama juu ya imani kwamba ipo picha isiyoguswa, na imani hiyo ina mizizi hata katika fikra za dini. Mwanzoni mwa karne ya 20, Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyewahi kuwa mufti wa Misri, aliipima kamera kwa katazo la kutengeneza sura za viumbe wenye roho. Akaona haimo katika katazo hilo, kwa kuwa mpigapicha haumbi chochote. Anakizuia tu kivuli ambacho Mungu amekwisha kukiumba. Hoja hiyo imewatuliza mioyo Waislamu wengi, na kwa swali la kuumba inatosha. Kwa swali letu haitoshi, maana anayezuia kivuli huchagua pia azuie kipi na lini. Singida ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Pita barabara ya kwenda Iramba wakati alizeti imechanua, utaona njano na kijani hadi macho yachoke; pita hapo hapo Oktoba, ni vumbi, mabua na mibuyu isiyo na jani. Anayetafuta picha za ukame atakuja Oktoba, mwenye kiwanda cha mafuta ya alizeti atakuja kwenye maua, na wote wataondoka na picha ambazo kompyuta haijazigusa. Kila moja imeficha nusu ya mwaka. Hakuna programu inayoweza kuubadilisha mkoa kiasi hicho.

Michoro ya miambani ya ukanda huu inafundisha jambo hilo hilo. Profesa Fidelis Masao aliandika mwaka 1979 juu ya michoro ya Tanzania ya kati, ikiwemo ya mapango ya Isanzu, ambayo leo iko wilaya ya Mkalama. Jirani, huko Kondoa, mwanaakiolojia Mary Leakey alikuwa amenakili michoro mwaka 1951 na kuichapisha kitabuni mwaka 1983. Kwenye mwamba, twiga amechorwa juu ya mtu, na mtu juu ya mnyama aliyekwisha kufifia. Kwenye nakala za Leakey, mara nyingi umbo husimama peke yake juu ya karatasi safi. Je, alidanganya? Anayetaka kuujua mkono wa mchoraji, jinsi alivyolivuta shingo la twiga kwa mstari mmoja, atamshukuru Leakey. Anayetaka kujua kwamba watu walirudi tena na tena kuchora juu ya kazi za waliowatangulia, atahitaji picha ya ukuta mzima, na vurugu lake. Ni maono mawili, kila moja likiwa na uaminifu wake na upofu wake, na kuyaelewa ni kuweza kuvitaja vyote viwili.

Hapo mtu ataniuliza: kama kila picha ni uchaguzi, basi uongo haupo tena? Upo. Amri ya Musa dhidi ya ushahidi wa uongo inamtaja jirani. Haikatazi kupamba, inakataza maneno yanayomdhuru mtu kwa jina la ukweli. Mwaka 1954 mpigapicha W. Eugene Smith alichapisha katika jarida la Life picha za daktari mmisionari Albert Schweitzer huko Lambaréné, Gabon. Katika moja aliongeza, kutoka negativu nyingine, kivuli cha mkono na mpini wa msumeno. Picha ni nzuri ajabu, na Schweitzer hakupungukiwa kitu. Aliyedhulumiwa ni msomaji, aliyeamini kwamba dakika ile ilikuwepo. Ziwa la zambarau halimdhulumu mtu, labda mtalii asafiri kwa ajili ya hiyo zambarau.

Kesi nzito zaidi iko kwenye studio za harusi, na ili kuielewa tuanze na filamu. Kwa miongo mingi maabara za filamu za Kodak zilirekebisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyojulikana kwa jina la Shirley. Uso mweusi ukatoka doa lenye macho na meno. Kwa hiyo picha “isiyoguswa” ya mtu mweusi ilikuwa imeguswa tangu kiwandani, na kijana wa studio anayefungua vivuli usoni mwa bibi harusi anarudisha kilichopotea: mstari wa shavu, mng'ao wa paji. Lakini ndani ya Lightroom hiyo hiyo kuna kidhibiti cha rangi ya chungwa, ambamo ngozi zetu nyingi huangukia. Pandisha mwangaza wake, na mtu mzima anageuka mweupe pasipo mstari hata mmoja kuongezeka. Kwa jicho la haraka kazi zote mbili “zimeng'arisha”. Ya kwanza imeongeza habari za uso, ya pili imezifuta.

Wenye studio watasema mteja ndiye anayetaka hivyo. Hoja hiyo ina uzito, na mwanamke mzima akiomba mwenyewe sina la kumhukumu; hata poda hupakwa kabla ya lenzi. Ila harusi nyingi hazina ombi la namna hiyo. Ipo preseti, yaani mipangilio ya rangi iliyohifadhiwa tayari, mara nyingi iliyotengenezwa ng'ambo kwa ngozi nyingine, inayomwagwa juu ya mamia ya picha kwa mbofyo mmoja: bibi wa Kinyaturu wa meza ya mbele, mashemeji, watoto wa maua, wote weupe, na hakuna aliyeulizwa. Picha hizo zinashuhudia dhidi yao kwamba sura walizokuja nazo hazikufaa. Tena aliyebonyeza hawezi kujitetea kwa kusema ndilo jicho lake, kwa kuwa jicho hilo alilinunua. Kabla ya kukabidhi albamu, toa preseti, anza upya uso kwa uso, na anayetaka kuwa mweupe aseme mwenyewe.