Haziivi Chungu Kimoja

Kiswahili cha mtaani kina majina mengi ya kitu kinachosumbua: kibovu, kimeo, feki, kimekufa. Yote yanakubaliana kwa jambo moja, kwamba ubaya umo ndani ya kitu chenyewe. Ukikifungua, utaukuta. Mwaka jana kompyuta ya mdogo wangu ilinifanya niyatilie shaka majina hayo, na baadaye nitilie shaka namna tunavyomtafuta mkosaji kila jambo linapoharibika.

Kompyuta hiyo aliiunda mwenyewe kwa ajili ya magemu. Madabodi na kasha alivipata kwa mtu aliyekuwa anahama mji, kadi ya picha akanunua iliyotumika, na RAM alikuwa nayo moja, ya GB 8. Magemu anayoyapenda yanataka GB 16. Alifundisha tuisheni ya hesabu kwa miezi mitatu, akaenda Kariakoo, akarudi na RAM ya pili ya GB 8. Zote mbili ni DDR4, na kwenye lebo zote mbili imeandikwa 3200. Akaichomeka, kompyuta ikawaka, ikasoma GB 16. Jioni hiyohiyo matatizo yakaanza. Gemu linajifunga katikati ya mchezo. Skrini inageuka bluu. Faili la zipu linakataa kufunguka leo, kesho linafunguka bila kuguswa.

Hukumu ilitoka kabla ya uchunguzi: RAM mpya ni kimeo, na aliyeiuza ni tapeli. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mdogo wangu alirudi dukani, muuzaji akaichomeka kwenye mashine yake, ikafanya kazi vizuri. "Mimi siuzi vimeo, kijana. Si unaona mwenyewe inapiga kazi?" Alirudi nyumbani na hasira mara mbili ya zile alizoondoka nazo, akaandika ujumbe wa kutuma kwenye kundi la WhatsApp la vijana wanaounda kompyuta, akataja duka kwa jina na neno wizi. "Dada, hebu soma. Nimeandika vizuri?"

Ulikuwa umeandikwa vizuri sana. Hapo suala likaacha kuwa la RAM. Duka lenyewe ni meza moja aliyokodi kijana ndani ya duka la mtu mwingine, na wengi wa wateja wake ndio hao waliomo kwenye kundi. Nilimwomba mdogo wangu asubiri siku mbili.

Kabla ya kuilaumu kumbukumbu ni vizuri kujua inavyokumbuka. Ndani ya RAM kila biti ni chaji ndogo ya umeme iliyohifadhiwa mahali padogo mno, na chaji hiyo inavuja. Ikiachwa, inapotea. Kwa hiyo kompyuta huijaza upya, kwa kawaida angalau mara moja katika kila milisekunde 64, muda wote ikiwa imewashwa. Hata kuisoma ni kuimwaga: ukishasoma lazima urudishie ulichosoma. GB 8 ni zaidi ya biti bilioni 68 zinazotunzwa hivyo. Kusahau ndiko kulikomo katika maumbile ya kifaa hiki. Kukumbuka ni kazi inayofanywa juu yake, na kazi hiyo yote inategemea kufika kwa wakati.

Kinachotisha ni kwamba RAM ikikosea haijui kwamba imekosea. Inatoa jibu baya kwa utulivu uleule inaotolea jibu sahihi. Tarehe 18 Mei 2003, katika manispaa ya Schaerbeek jijini Brussels, mgombea mmoja alipata kura 4096 zaidi ya alizopigiwa. Iligundulika kwa sababu tu hesabu yake ilizidi kiasi kilichowezekana. Wataalamu hawakupata kosa kwenye programu. Walichoona ni kwamba 4096 ni mbili iliyozidishwa kwa yenyewe mara kumi na mbili, yaani thamani kamili ya biti moja, na wakahitimisha kwamba huenda biti moja ilikuwa imegeuka kutoka sifuri kuwa moja. Kompyuta za seva hutumia RAM yenye uwezo wa kugundua na kusahihisha kosa la namna hiyo. Za nyumbani, nyingi hazina. Zinaamini zinachoambiwa.

Tukapima. Tulitumia Memtest86, programu iliyoanzishwa mwaka 1994, ambayo huiweka kwenye flashi na kuiwasha kabla ya Windows. Kazi yake ni rahisi kuielewa. Inaiambia kila sehemu ya kumbukumbu jambo linalojulikana, kisha inaiuliza: nilikuambia nini? Halafu inaligeuza jambo lenyewe na kuuliza tena. Tulichomoa RAM mpya, tukaipima ya zamani peke yake, mizunguko minne, usiku kucha. Makosa sifuri. Kesho yake tukapima mpya peke yake kwenye sloti ileile. Sifuri. Tukabadilisha sloti. Sifuri. Tukazichomeka pamoja, na kabla chai haijapoa skrini ilikuwa na mistari myekundu.

Kama RAM mojawapo ingekuwa mbovu kweli, na ubovu wa kweli upo, makosa yangeifuata popote tulipoihamishia. Hayakuifuata. Kila mmoja alikuwa mzima akiwa peke yake.

Katika masomo yangu ya uzamili tumesoma John Stuart Mill, ambaye katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843 alieleza njia anayoitumia kila fundi hata kama hajawahi kusikia jina lake: badilisha kitu kimoja tu, mengine yaache yalivyo, uone kama matokeo yanabadilika. Kinachosahaulika ni kwamba Mill huyohuyo aliona mpaka wa njia hiyo. Kuna visababishi vinavyojumlika, kama watu wawili wanaosukuma gari moja. Na kuna vinavyoungana kama kemikali, vikazaa kitu ambacho hukioni ukikichunguza kimoja kimoja. Tulipokuwa tunachomoa RAM moja na kuipima nyingine, tulikuwa tunakiondoa kile hasa tulichokitafuta. Maana tulichokitafuta kilikuwa kati yao.

Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye lebo kwa herufi ndogo. Kila RAM ina chipu ndogo yenye maelezo yake yenyewe: mimi ni nani, naweza kwenda kasi gani, nipewe volti ngapi, nisubiriwe kwa muda gani kabla ya kujibu. RAM ya zamani ilikuwa na wasifu wa ziada wa kasi, unaoitwa XMP, na wasifu huo ulisema: nipe volti 1.35, nitakwenda 3200 na kujibu baada ya mapigo 16, yaani nanosekunde 10. RAM mpya haikuwa na wasifu wa namna hiyo. Yenyewe ilisema: nipe volti 1.2, nitakwenda 3200, lakini nisubiri mapigo 22, yaani nanosekunde 13.75. Namba kubwa inayoonekana ni moja. Ahadi ni mbili tofauti.

Mdogo wangu alikuwa amewasha XMP tangu enzi za RAM ya kwanza. Ya pili ilipoingia, madabodi ilizipimia zote mbili kwa wasifu wa mmoja. Yaani RAM mpya ilidaiwa jibu ndani ya nanosekunde 10 wakati yenyewe haikuwahi kusema inaweza. Ikiwa peke yake, au kwenye mashine ya muuzaji, ilipimwa kwa maneno yake yenyewe, na ilitimiza kila neno. Ilishindwa pale tu ilipotakiwa kutimiza ahadi ya mwenzake. Waswahili wana usemi wa watu wa namna hii, na usemi huo haumlaumu yeyote: hawaivi chungu kimoja. Maharage ni mazuri, na mchele ni mzuri. Ukivitia chunguni kwa wakati mmoja utakula kimoja kibichi au kingine uji.

Turudi kwenye ule ujumbe wa WhatsApp. Mwaka 1877 William Clifford aliandika insha kuhusu maadili ya kuamini. Mfano wake ni mwenye meli anayeshuku kwamba meli yake imechakaa, lakini anajibembeleza mpaka anaamini ni imara, kisha anairuhusu kuondoka na abiria. Clifford anasema mtu huyo ana hatia, na angekuwa na hatia ileile hata kama meli ingefika salama, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini alichoamini kwa ushahidi aliokuwa nao. Kawaida tunausoma mfano huu dhidi ya muuzaji. Lakini muuzaji wetu alipima, na alisema alichokiona. Aliyekuwa karibu kuisafirisha meli yenye shaka ni mlalamikaji. Hata kama RAM ingekuja kuonekana mbovu, siku ile mdogo wangu alikuwa bado hana haki ya kuandika neno wizi. Kumwita mtu mwizi na kupatia kwa bahati si sawa na kujua. Hasara aliyoipata ilikuwa ya kweli, na ndiyo iliyomfanya ajione ana ushahidi. Hasara ni ushahidi kwamba kuna jambo limeharibika. Haimtaji aliyeliharibu.

Hapa msomaji anaweza kunikatiza, na ana haki. Kauli ya "hakuna mwenye kosa" tumeisikia sana, na mara nyingi inatoka kwa mwenye nguvu. Mwenye nyumba anasema hakuna mwenye kosa, paa limevuja tu. Mwajiri anasema hakuna mwenye kosa, mmeshindwa tu kuelewana. Ikiwa kila ubaya tutauhamishia "kati" ya pande mbili, mwenye hela atabaki na hela yake, na kijana aliyefundisha tuisheni miezi mitatu atabaki na kompyuta inayozima. Nakubali kwamba hatari hiyo ipo. Ndiyo maana nadhani tunahitaji kutenganisha maneno mawili tunayoyachanganya: kosa na wajibu.

Kosa linauliza nani alitenda vibaya. Wajibu unauliza nani anapaswa kufanya nini sasa, na swali hilo lina majibu hata pale ambapo la kwanza halina. Watengenezaji wanauza RAM zikiwa mbilimbili, zilizopimwa pamoja, kwa sababu wanajua kwamba namba moja kwenye lebo haitoshi. Muuzaji anayekaa na vifaa hivi kila siku anajua hilo kuliko mteja wa mara moja, kwa hiyo anao wajibu wa kuuliza swali dogo: unaenda kuichanganya na ipi? Mnunuzi naye ana wajibu wa kwenda na lebo ya ile aliyonayo. Hakuna hata mmoja wao aliyedanganya. Kila mmoja ana kitu cha kufanya. Na tofauti na hukumu ya kosa, wajibu unaweza kugawanywa bila mtu kuchafuliwa jina.

Suluhisho lilichukua dakika moja. Tuliingia BIOS, tukazima XMP, na madabodi ikatafuta mwendo ambao wote wawili wanauweza: 2666. Memtest86 ilizunguka usiku mzima bila mstari mwekundu. Hilo halithibitishi kwamba hakuna kosa lililojificha. Jaribio linaweza kukuonyesha kosa, haliwezi kukuapia kwamba halipo. Lakini tulikuwa na haki ya kuamini zaidi kuliko tulivyokuwa siku mbili kabla.

Mdogo wangu hakufurahi. "Kwa hiyo ile nzuri inaadhibiwa kwa ajili ya hii?" Ni swali ambalo nimelibeba hadi leo kuliko yote ya Mill na Clifford. Ni kweli kwamba mwenye kasi amepunguzwa ili aendane na mwingine, na sitaki kulipamba jambo hilo kwa kuliita mshikamano. Ni hasara. Nilimjibu kwamba RAM ya zamani ikiwa peke yake na kasi yake yote, gemu lake lilikuwa linakwama kwa kukosa nafasi. Kasi ambayo haikufikishi unakotaka si mali unayonyang'anywa. Alisema hilo ni jibu la mtu asiyecheza magemu. Huenda.

Ujumbe aliufuta. Wiki iliyofuata alipita Kariakoo na kumweleza muuzaji tulichokikuta. Hakuomba kurudishiwa hela. Yule kijana aliangalia picha za lebo zote mbili kwenye simu, akanyamaza kidogo, akasema siku nyingine aje na ile ya zamani mkononi, atamtafutia pacha wake. Hakuomba radhi, na sioni alipaswa kuomba radhi kwa lipi.

Tangu hapo ninapomsikia mtu akisema fulani ni mbovu, iwe ni mfanyakazi mpya, mke mgeni katika ukoo, au mwanafunzi aliyehamia darasani katikati ya muhula, najikuta nataka kujua mambo mawili kabla ya kukubali. Alipimwa peke yake au pamoja na wenzake? Na ahadi anayoshtakiwa kuivunja, ni yeye aliyeitoa?