Mfua Shaba na Dhambi ya Kileo

Je, fundi anabeba sehemu ya dhambi inayotendwa kwa chombo alichokiunda? Wanazuoni wa dini mbalimbali wamelijadili swali hili kwa karne nyingi, na historia ya wafua shaba wa Rothes inalipa uzito wa pekee. Rothes ni mji mdogo wa Uskoti, katika bonde la mto Spey, na ndiko kampuni ya Forsyths inakofua mitambo ya kukenekea wiski. Alexander Forsyth alijifunza kazi katika karakana ya Robert Willison, na mwaka 1933 akainunua. Ni mwaka huohuo Marekani ilipofuta marufuku ya pombe iliyokuwapo tangu 1920. Uskoti yenyewe haikuwa na neno moja juu ya kileo: sheria ya 1913 iliwaruhusu wakazi wa eneo kupiga kura ya kuzuia leseni za pombe, na mji wa Wick ulikaa bila baa hadi 1947. Kwa hiyo wapo waumini wa nchi ileile walioona riziki ya fundi huyu ina walakini.

Kabla ya kumhukumu, ni lazima kazi yake ieleweke. Bamba la shaba hukatwa, hukunjwa na kuunganishwa. Zamani kwa ribiti, na baada ya Vita Kuu ya Pili Ernest Forsyth, mwana wa Alexander, akaleta uchomeleaji wa kisasa. Kisha hupigwa nyundo pigo kwa pigo hadi uso uwe laini na shaba ishikamane na kuwa ngumu. Shingo ya mtambo ikiwa ndefu, mvuke mzito hurudi chini na kinywaji hutoka chepesi. Ikiwa fupi, hutoka kizito. Shaba nayo hunasa misombo ya salfa ambayo ingekipa kinywaji harufu mbaya, na katika kuinasa huliwa yenyewe. Miaka inavyopita ukuta hukonda, hasa mabegani na kwenye bomba linalopeleka mvuke kupoozwa, na fundi huitwa tena kukata palipochoka na kutia kiraka.

Hapo ndipo utetezi wa “mimi nimeuza chombo tu” unapolegea. Mtungi hupokea kilichomo, lakini mtambo wa shaba unashiriki kukifanya kiwe kilivyo. Fundi anajua umbo lile litatoa nini, na analifua kwa sababu hiyo.

Katika fiqhi ya Kiislamu, Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi inataja watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya pombe, wakiwamo mkamuaji, mbebaji, muuzaji na anayekula thamani yake. Fundi wa chombo hatajwi. Wanazuoni walimfikia kwa njia ya Aya ya pili ya Surat al-Maida, inayokataza kusaidiana katika dhambi, na kwa mjadala wa kumuuzia maji ya zabibu mtu atakayeyageuza mvinyo. Abu Hanifa aliruhusu, kwa hoja kwamba maji ya zabibu si haramu, na maasi yanatokana na hiari ya mnunuzi. Wanafunzi wake Abu Yusuf na Muhammad al-Shaybani waliona ni makuruhu. Wahanbali waliibatilisha biashara hiyo. Mashafii, ambao ndio wengi katika pwani ya Waswahili, wanamtia hatiani muuzaji aliyejua nia ya mnunuzi, ingawa mkataba wenyewe unasimama. Ukipimwa kwa mizani hii, mtambo wa Rothes una kesi nzito kuliko zabibu, kwa kuwa uliagizwa kwa kazi moja.

Mishna ya Wayahudi inaitazama hoja hiyohiyo kupitia zana za kilimo katika mwaka wa saba, ambapo ardhi hupumzishwa. Jembe la kukokotwa halifai kumuuzia mtu anayeshukiwa kuvunja sheria, kwa sababu halina kazi nyingine mwaka huo. Mundu unaruhusiwa, kwa kuwa una matumizi halali. Kanuni hii ni bora kuliko kutazama nia peke yake, maana nia hufichwa, ilhali matumizi ya chombo huonekana. Inamwacha huru pia mchimbaji wa Katanga, ambaye shaba yake yaweza kuwa waya wa umeme.

Kanisa Katoliki haliuoni unywaji wa kiasi kuwa dhambi, hivyo kwake mfua shaba hana hatia ya kuanzia. Hoja ni ulevi, nao uko mbali na nyundo yake. Mkali zaidi alikuwa Tertullian wa Carthage, mwanzoni mwa karne ya tatu. Aliwakatalia Wakristo kuchonga sanamu za miungu hata kama hawaziabudu, akiwakumbusha kwamba anayeweza kuchonga mungu anaweza pia kuunda kabati. Ushauri huo unatekelezeka: Forsyths hutengeneza pia vifaa vya sekta ya mafuta na gesi. Bali ufundi wa kuilainisha shaba kwa nyundo umeishi kwa sababu ya wiski, na mtu akimtaka fundi auache, anapaswa kukiri kwamba anamdai sadaka kubwa.

Linabaki suala la umbali. Kiwanda cha Caperdonich, cha Rothes hiyohiyo, kilifungwa 2002. Forsyths wakanunua eneo lake, na mitambo yake ya shaba ikauzwa na kupata kazi katika viwanda vingine, kimojawapo Ubelgiji. Talmud ya Wayahudi inasema katazo la kumwekea kipofu kikwazo, yaani kumwezesha mwingine kutenda dhambi, halimfuati mtu hadi kwa mnunuzi wa mnunuzi wake. Kwa kipimo hicho, aliyeufua mtambo hapo kale haulizwi juu ya Ubelgiji; anayeulizwa ni aliyeuuza huko, pamoja na fundi atakayekubali kuutia kiraka.