Kalinzi au Bwasa? Juu ya Michezo Inunuliwayo kwa Simu

Watu wa Kamanyola, katika uwanda wa Ruzizi, wanajua vema tofauti ya kalinzi na bwasa. Kwa desturi ya Bushi, mwenye kalinzi alitoa ng'ombe kwa mkubwa wa nchi, akapewa shamba la kudumu. Hupanda migomba, na wanawe hurithi. Mwenye bwasa amekodi shamba kwa muda tu. Hulipa kwa kazi au kwa sehemu ya mavuno, naye hupanda maharagwe na mazao mengine ya msimu. Migomba haruhusiwi kuipanda, kwa maana mgomba hudumu miaka mingi, na shamba si lake. Desturi hii ya zamani yafaa kutumika leo kuamua jambo jipya.

Jambo lenyewe ndilo hili. Vijana wengi hupenda michezo ya simu na ya kompyuta. Michezo hiyo huuzwa katika masoko yasiyo na ukuta wala mlango, kama Steam, iliyofunguliwa na kampuni ya Valve ya Marekani mwaka 2003, au Google Play kwa wenye simu. Mnunuzi huandikisha jina, hulipa, na mchezo humfikia kwa njia ya intaneti. Tena iko michezo ya watu wengi: mmoja yu Kamanyola, wa pili Bujumbura, wa tatu Ulaya, nao hushindana saa ile ile. Hawaonani, hukutanishwa na kompyuta kubwa za mwenye mchezo, ziitwazo seva. Seva zikizimwa, uwanja umefungwa.

Je, aliyelipa feza amenunua nini?

Fikirini kisa kilichotokea kweli. Mwaka 2014 kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ilitoa mchezo wa mashindano ya magari, jina lake The Crew. Haukuweza kuchezwa pasipo seva, hata na mtu aliye peke yake. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ilizima seva hizo. Waliolipa zamani walibaki na mchezo usiochezeka. Walidhani wana kalinzi. Kumbe walikuwa na bwasa.

Wengine watasema: "Hapana kosa. Masharti yaliandikwa, nao walikubali." Neno hilo ni kweli nusu. Seva hula umeme na kazi ya watu. Hakuna apaswaye kuziwasha milele. Kukodisha shamba si dhambi, wala kulitwaa tena muda ukiisha si wizi. Lakini mapatano huwa ya haki pale tu pande zote mbili zinapojua kinachopatanwa. Masharti yale ni marefu, tena kwa lugha ya wanasheria, bali mahali pa kulipia pameandikwa neno moja kubwa: "Nunua." Mtu akimwambia jirani, "Nakuuzia shamba," na moyoni ajua kwamba amkodisha tu, ametenda nini? Amri ya nane yakataza uongo, na ya saba yakataza kutwaa mali ya mtu kwa hila. Basi, kosa haliko katika kufunga uwanja, bali katika kuita kukodisha kwa jina la kuuza.

Hata watunga sheria wameliona hilo. Katika jimbo la California, Marekani, sheria iliyoanza tarehe 1 Januari 2025 yakataza wauzaji wa vitu vya namna hii kusema "nunua" bila kumweleza mnunuzi waziwazi kwamba apata ruhusa ya kutumia tu. Steam ilianza kuonyesha tangazo la namna hiyo mwezi Oktoba 2024.

Lakini mnunuzi naye ana wajibu. Kijana atumaye franka kwa simu, pengine zile alizopewa za shule, na aulize kwanza: Mchezo huu wachezeka bila intaneti? Mwenyewe akiufunga, nitabaki na nini? Akiisha kujua kwamba ni bwasa, na alime kama mtu wa bwasa: atoe kidogo, kwa kiasi, wala asipande migomba pale. Feza ya shule na usingizi wa kila usiku ni migomba.

Tena akumbuke kwamba mavuno ya bwasa ni ya mkulima. Mwenzake wa mbali, ingawa aonekana kama jina tu kwenye kioo, ni mtu. Aliyemtukana amemtukana mtu. Aliyemtendea wema amemtendea mtu. Seva zikizimwa, hayo hayazimiki.

Swali: Je, ni vibaya kulipia mchezo usio wako daima?
Jibu: Si vibaya, ikiwa wajua hivyo, na feza ni yako.

Swali: Mwuzaji akosa lini?
Jibu: Anapoita kukodisha kwa jina la kuuza, na mnunuzi hajui.

Swali: Mwenye busara hufanyaje?
Jibu: Huuliza kabla ya kulipa: Ni kalinzi au ni bwasa?