Anayesimama Juu Akitazama

Vijana wa hapa Rugerero wakisikia mngurumo upande wa ziwa, wanabishana: hiyo droni ni ya damu ama ya vita? Swali si la kijinga. Nchi hii ina droni zinazopeleka damu hospitalini tangu 2016, na ng'ambo ya mpaka tunajua zingine zinapeleka nini.

Wengine watakwambia droni ni kama kisu: kosa ni la mkono. Mimi jibu hilo halinitoshi. Kisu hakioni.

Chukua Camcopter S-100 ya kampuni ya Schiebel, Austria. Ni helikopta ndogo isiyo na rubani, kama kilo 200 hivi. Inapaa wima, haihitaji uwanja, sitaha ya meli inaitosha, na inaweza kukaa hewani saa sita. Wanunuzi wake wa kwanza walikuwa wanajeshi. Mwaka 2012, kwenye majaribio Korea Kusini, moja ilianguka ikamuua mhandisi wa kampuni hiyohiyo. Halafu 2014 shirika la MOAS likaziweka mbili kwenye meli yake Phoenix, zikatafuta mashua za wakimbizi Mediterania. Mashine ileile, jamani!

Na kwetu? Desemba 2013 Umoja wa Mataifa ulirusha Falco kutoka Goma. Hiyo haipai wima, inataka uwanja. Mei 2014 iliona boti ikizama Ziwa Kivu, askari wa MONUSCO wakaenda mbio, watu zaidi ya kumi wakapona. Miezi miwili baadaye mashirika ya misaada ya Goma yalilalamika kwamba kutumia picha za jeshi kunachanganya msaada na vita. Nawaelewa, lakini naona waliacha swali gumu zaidi.

Ndege inayopita ina udhuru: niliona, nikapita. Inayoweza kusimama juu ya kijiji kimoja saa nzima, ikitazama, haina. Ndiyo maana kupaa wima si jambo la ufundi tu. Anayenunua jicho la namna hiyo amejinyang'anya mwenyewe lile neno "hatukujua". Akiona nyumba zinaungua, tayari ana deni, hata kama droni yake haibebi bomu.

Watengenezaji wanapima upepo, kamera, mawimbi ya redio, uzito. Vizuri. Ila kuna kipimo kimoja sijasikia: kati ya kuona na mtu kufika, dakika ngapi? Pale ziwani zilikuwa chache, kwa sababu boti za askari zilikuwa karibu. Masisi hakuna ziwa la namna hiyo, kuna vilima na matope.

Kwa hiyo vijana wakiniuliza ya damu ama ya vita, nami nawauliza: picha zote zilizopigwa juu ya Kivu Kaskazini ziko wapi leo? Mama aliyepoteza mtoto kule, akitaka kuziona, agonge mlango upi?