JE, YESU ALILETA JIPYA GANI?

(Soma Mathayo 5:38-48)



Wapo wasomi wanaosema Yesu hakuleta jambo jipya, eti mafundisho mema yalikuwepo tangu zamani. Usiliogope neno hili. Tuliangalie.

Kule China, miaka kama 500 kabla ya Kristo, Confucius alifundisha kwamba usimtendee mwenzako usilopenda kutendewa. Hillel, mwalimu wa Wayahudi, alifundisha hivyo hivyo kabla Yesu hajaanza kuhubiri. Mwaka 1922 msomi Myahudi, Joseph Klausner, alitoa kitabu akionyesha kwamba maadili aliyofundisha Yesu yalikuwemo tayari kwa Wayahudi. Na kweli, kumpenda jirani kumo katika Walawi 19:18. Kumrudishia adui ng'ombe wake aliyepotea kumo katika Kutoka 23:4.

Sasa jipya ni lipi?

KWANZA, MAILI YA PILI. Hapa Tura misafara ya zamani ilipita. Pagazi alitoka pwani, akavuka pori kavu la Mgunda Mkali na mzigo wa frasila mbili hivi begani, karibu kilo 32. Akiiona Tura alijua ameingia Unyamwezi. Haya, mwambie pagazi huyo: mtu akikubebesha kwa nguvu, maliza safari yake, halafu mwongezee nyingine bure! Angekucheka. Lakini ndivyo Yesu alivyowaambia watu ambao askari wa Kirumi waliwakamata njiani na kuwabebesha mizigo (Mathayo 5:41). Maili ya kwanza unakwenda kama mtumwa. Ya pili unakwenda kama mtoto wa Mungu.

PILI, MVUA. Musa alisema rudisha ng'ombe. Yesu akaingia ndani zaidi: mpende mwenye ng'ombe, tena umwombee. Kwa nini? Kwa sababu Baba wa mbinguni huwanyeshea wema na wabaya. Ndugu yangu, mvua ikishuka Tura hairuki shamba la yule unayemwita mchawi. Mahindi yake yanalowa, na yako yanalowa.

TATU, MSALABA. Waalimu wengi walionyesha njia, lakini nani alitupa miguu ya kuipita? Yesu alipigiliwa misumari, na papo hapo akawaombea msamaha waliompigilia (Luka 23:34). Akafa, AKAFUFUKA! Leo anamimina pendo la Mungu mioyoni mwetu kwa Roho Mtakatifu (Warumi 5:5). Hapo ndipo penye jipya!

Na wewe je? Yupo aliyekunyang'anya shamba, au unayemshuku kwa kifo cha mtoto wako. Umesema dawa ya moto ni moto. Umekwenda kwa mganga ili umrudishie. Angalia! Katika mikoa ya Tabora na Shinyanga vikongwe wasio na hatia wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Panga lilianzia moyoni kabla ya kufika mkononi. Utasimamaje mbele za Mungu na moyo huo?

Usingoje kesho. Piga magoti, omba hivi:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimemchukia mwenzangu, nawe ulinipenda nikiwa adui yako. Nisafishe kwa damu yako. Namsamehe leo. Nipe moyo mpya. Amina."

Kama umeomba kwa imani, umeokoka! Tafuta kanisa linalohubiri wokovu. Lakini kabla ya Jumapili, nenda kwa yule mtu. Mtaje jina lake, umsalimie.