Kudura Haikanyagi Mafuta

Kila kijana wa bodaboda akifa barabarani hapa Muyeye, matangani nasikia neno lile lile: siku yake ilifika. Sibishani na kudura. Mimi ni Muislamu. Lakini mkono uliovuta mafuta mpaka mwisho, abiria wawili nyuma, helmeti ikining'inia kwenye usukani, ulikuwa wa nani? Mtume (S.A.W.) alimwambia mtu mmoja amfunge ngamia kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Hata kwenye matatu ni vivyo hivyo: sheria za aliyekuwa waziri wa uchukuzi, Michuki, zilizoanza kutumika 2004, ziliibana matatu isizidi kilomita 80 kwa saa, na bado wapo wanaochezea kidhibiti mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, breki zinataka umbali mara nne. Hesabu hiyo nayo ni kudura ya Mungu. Wewe abiria, mwambie dereva apunguze, hata akununie.