Ushahidi wa Bunduki Kuukuu

Mtu hufa na sauti yake ikafa pamoja naye, lakini chuma huzikwa, kikafukuliwa, na maandishi yake yakasomeka. Kwa sababu hiyo wengi huamini kwamba chuma ni shahidi bora kuliko binadamu. Hakina ndugu wa kumpendelea wala adui wa kumwogopa. Imani hii yastahili kupimwa, na kipimo chake kimoja ni bunduki ya kale ya vita, ya namna ambayo mjukuu wa Kisarawe au wa Kibaha aweza kuikuta darini mwa nyumba ya babu yake, imeviringishwa katika gunia, mti wake umeliwa na mchwa na mtutu wake umevaa kutu.

Ichukuliwe kuwa bunduki hiyo ni Mauser ya mfano wa 1871. Kutu ikifutwa kwa mafuta na kitambaa, ubavuni hutokea herufi za Kijerumani cha kale, I.G.Mod.71, maana yake bunduki ya askari wa miguu, mfano wa 1871. Hutokea pia taji, jina la kiwanda kama Spandau au Amberg, mwaka wa kutengenezwa, na herufi ndogo zilizovikwa taji, ambazo kila moja ni muhuri wa mkaguzi aliyeridhika na kazi. Penye bamba la kitako huweza kuwapo nambari ya rejimenti, ya kampuni, na ya silaha yenyewe. Kila chapa katika hizo ni ya kweli. Walakini kijana aliyekabidhiwa silaha hiyo mara ya kwanza alikuwa mtoto wa mkulima au wa fundi huko Ujerumani, na yamkini hakupata kulisikia jina la Uzaramo mpaka akaingia kaburini. Chapa imehifadhi kambi yake, wala haina neno juu ya pwani ya Afrika.

Jeshi la Ujerumani lilipojipatia bunduki mpya mwaka 1888, zile za kale, zenye risasi nene ya milimita 11 na baruti ya moshi, zilionekana zafaa kwa makoloni. Mwaka 1889 Hermann Wissmann alishuka pwani na askari aliowaandikisha Misri, wengi wao Wasudani, na wengine kutoka Msumbiji, ili kuwavunja Waswahili na Waarabu waliokuwa wakiongozwa na Bushiri. Bushiri alinyongwa Pangani Desemba mwaka huo. Katika bunduki zilizofanya kazi hiyo, hakuna iliyoandikwa jina la Bushiri.

Jambo hili huwa zito zaidi linapofika mwaka 1905. Vita vya Maji Maji vilianzia milima ya Matumbi mwezi wa Julai, vikapanda hadi Uzaramo, na miongoni mwa viongozi walionyongwa alikuwamo Kibasila wa Kisangire, ambaye jina lake limo leo katika shule ya sekondari ya Dar es Salaam. Waliopigana waliambiwa kwamba maji yatazigeuza risasi zisidhuru. Imani hiyo huchekwa na watu wa elimu, na kicheko chao kina haraka, kwa kuwa nao wana maji yao: hudhani kwamba muhuri wa serikali uliopigwa juu ya chuma waweza kuigeuza risasi ikawa sheria. Serikali iliyopiga chapa ile ilisema, hii ni mali yangu. Haikusema, na haya ndiyo matendo yangu. Kumiliki kulichorwa kwa nyundo na patasi. Kutenda kuliachwa juu ya dhamiri ya askari aliyeitwa kwa filimbi, akalipwa kwa mwezi, na ambaye mara nyingi alikuwa mwana wa nchi iliyoshindwa kabla ya ile aliyotumwa kuishinda.

Hapa ndipo lilipo swali lenyewe. Tendo ni la nani: la mwenye chapa au la mwenye kidole? Mwenye chapa husema kwamba hakuwapo. Mwenye kidole husema kwamba aliamriwa. Wote wawili wakiachwa na udhuru wao, waliouawa watakuwa wameuawa na chuma peke yake, nacho chuma hakihukumiwi. Mwenye chapa ana deni kubwa zaidi, maana yeye alichagua wakati mwenzake alichaguliwa. Lakini kuchaguliwa si kufutiwa deni lote. Palikuwa na askari waliotoroka, na kutoroka kwao kwaonyesha kuwa njia ilikuwapo, ingawa ilikuwa nyembamba na ya hatari.

Mfano wa pili wazidi kulitatiza jambo. Mwaka 1914, kampuni kadhaa za askari wa Kijerumani zilikuwa bado zatumia Mauser ile ile, na moshi wake uliwafichua kwa adui. Miaka miwili baadaye Waingereza waliingia Dar es Salaam, na Wajerumani wakajitenga kusini, huku nyuma yao wakivunja madaraja ya reli ipitayo Pugu na Ruvu. Novemba 1917 walivuka Ruvuma, wakaishinda kambi ya Wareno huko Ngomano, wakatwaa bunduki na risasi. Bunduki iitwayo Mauser-Vergueiro, ya mfano wa 1904, ilikuwa na taji na herufi za Mfalme Carlos wa Kwanza wa Ureno. Lakini ilitengenezwa Berlin! Mfalme huyo aliuawa mwaka 1908, na ufalme wenyewe ukaondolewa mwaka 1910. Basi askari wa Kiafrika wa jeshi la Kijerumani alibeba bunduki iliyofuliwa na Wajerumani, ikauzwa kwa Wareno, ikatwaliwa kwa Wareno, nayo ina jina la mfalme asiyekuwapo wa ufalme usiokuwapo. Jeshi hilo liliposalimu amri Abercorn, ambayo sasa ni Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, bunduki zilizohesabiwa zilikuwa 1,071, za Kiingereza na za Kireno. Anayesoma chapa peke yake angesema jeshi la Ujerumani halikuwapo pale.

Ziko pia bunduki ambazo nambari ya mtutu hailingani na nambari ya komeo, kwa sababu fundi wa kambini aliunganisha mzima wa hii na mzima wa ile. Bunduki kama hiyo ikishtakiwa, mtutu utalitupia komeo lawama.

Na wako wasio na nambari kabisa. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, homa na kuhara, nao hawakukabidhiwa bunduki ambayo ingeweza kuwakumbuka. Chapa yao ni jina la mtaa, Kariakoo, na wauzao nyanya pale hawalazimiki kujua lilikotoka.

Mjukuu mwenye bunduki darini ana vishawishi viwili. Cha kwanza ni kuzikwaruza chapa kwa tupa, ili ukoo usiulizwe babu alikuwa upande gani. Hilo ni kosa, kwani ushahidi mchache hauponywi kwa kuufuta. Cha pili ni kusoma taji na kumtungia babu ushujaa unaolingana nalo. Hilo ni kosa kubwa zaidi, kwa kuwa tupa huacha mkwaruzo unaoonekana, na hadithi nzuri haiachi. Kwa sheria silaha isiyo na kibali hupelekwa polisi, na yafaa ipelekwe. Kabla ya hapo anaweza kunakili kila herufi na kila nambari katika daftari, kisha akaenda na daftari hilo kwa bibi aliyebaki, akaketi mkekani, akamsomea polepole, na kumwuliza ni nani katika kijiji kile hakurudi, na ni nani aliyerudi akakataa kusema.